Astamaya na Chui Milia wa Namobuddha

Habari za kilimani Namobuddha zilisimuliwa kwanza na marehemu mwenyewe, jikoni kwake, mwezi Aprili mwaka 1996, akimweleza mkwewe Subarna huku wakimenya vitunguu saumu, na Subarna amezitunza hadi leo, siku ya kumi na tatu tangu tuuchome mwili wake, ambapo familia imeona zisomwe kama zilivyo.

Astamaya Chitrakar alizaliwa mjini Patan tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa pili wa mchoraji Siddhiman na mkewe Nanimaya, akasoma shule ya wasichana ya mtaani hadi darasa la kumi, akamaliza mwaka 1964, kisha akaingia karakana ya nyumbani, ambako kaka yake Kuberman alimfundisha kusaga mawe ya rangi na kupiga mistari ya vipimo, kwa kuwa uso wa mtakatifu haubuniwi, kila jicho lina kipimo chake kutoka kwa wazee, na mchoraji anayeweka sura ya mtu anayemjua huhesabiwa kuwa ameharibu ibada, si picha tu.

Tarehe 11 Februari 1969 aliolewa na Tirtharaj, mpakaji rangi wa vinyago vya ngoma, wakajaliwa Bimal mwaka 1970 na Rajani mwaka 1972.

Tarehe 19 Agosti 1990 mama yake alifariki, baada ya Astamaya kumuuguza miezi minane, na aliporudi kwenye brashi kila Tara, yule mtakatifu wa kike, aliyemchora alitoka na sura ya mama, nyusi zimekaribiana, macho ya mtu anayetaka kujua nani kaacha mlango wazi. Alifuta, akapima upya, sura ikarudi. Kuberman alitazama picha ya tatu, akamwambia mbele ya wanakarakana, "Dada, unataka watu wamsujudie Mama? Atawagombeza wote, kisha atawauliza kama wamenawa." Walicheka wote isipokuwa yeye. Aliweka brashi zake kwenye kopo, na kwa miaka mitano akawa msagaji wa rangi za wengine, akimwambia mumewe kwamba akifuata kipimo anampoteza mama, asipokifuata anapoteza kazi, na hajui aache kipi.

Tarehe 14 Oktoba 1995 Tirtharaj alimpeleka Namobuddha, kilima ambapo mwana wa mfalme alimpa mwili wake chui milia jike mwenye watoto, aliyekuwa anakufa njaa. Waliwasha taa za siagi, wakapazunguka mahali hapo patakatifu mara tatu, kisha Astamaya akaketi mbele ya jiwe lililochongwa kisa hicho, asitake kuondoka, hata mumewe akaenda kunywa chai mara mbili. Bibi mmoja mwuza taa alikuwa akilisugua jiwe na kunung'unika kwamba kila mtu humpaka mwana wa mfalme unga mwekundu, huyu mama mwenye njaa hakuna anayemfuta hata pua. Astamaya akachukua kitambaa, akamfuta. Chini ya vidole vyake akatambua kwamba mchongaji alimpima mwana wa mfalme, lakini chui alimchonga kwa jicho lake tu, kwa sababu mnyama hana kipimo. Alisema moyo ulitulia kama chungu kilichoepuliwa, akakaa hivyo hadi saa ya basi, kisha akaomba karatasi, na kwa kuwa haikuwepo akachora kwenye ganda la pakiti ya ubani.

Picha ilichukua miezi minne. Kuberman alipoitwa alimpima mwana wa mfalme kwa uzi wake, asipate kosa, kisha akainua macho kwa yule chui, aliyekuwa akimtazama nyusi zimekaribiana, na wote waliokuwepo walimwona akificha sigara nyuma ya mgongo. Kisha akasema, "Sharubu za kushoto ziongeze kidogo. Pengine pote paache."

Tangu hapo marehemu hakuweka tena brashi chini hadi mwaka 2019, figo zilipoanza kumsumbua, akafariki nyumbani alfajiri ya tarehe 7 Januari 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na wanakarakana waliombeba hadi mtoni alikochomwa.

Tirtharaj alifariki mwaka 2011, bibi wa taa hatukupata kujua jina lake wala mwisho wake, Subarna yuko hai, na Kuberman yuko hai, ana miaka themanini na moja, ameketi hapa mbele, naye ameomba asiitwe kusema.

Astamaya, nenda ukapumzike.