Kikapu Nilichokuwa Nikirudi Nacho Nyumbani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba mnivumilie niseme kwa Kiswahili, kwa sababu leo tuna wageni kutoka upande wa ziwa, na jambo langu sitaki limpite mtu yeyote. Mimi ni Moraa, mke wa Omwenga. Wengi mnanijua kwa ile nyumba yetu ya mabati, juu ya njia iendayo Ekerenyo. Mkipita pale mnasema, mama huyu anajua kubana matumizi. Leo nimekuja kuwaambia nilivyobana.

Nilipokuwa msichana, nzige walishuka kwenye shamba letu la wimbi wakalimaliza. Njaa ile ilinikaa mwilini. Nilipoolewa na mume wangu akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, alichonitumia nilikishika kwa mikono miwili. Njiti ya kiberiti niliipasua kwa wembe ikawa mbili. Sabuni niliikata vipande vya kutosha kunawa vidole tu. Chumvi niliifunga kwenye kitambaa, nikakitumbukiza katika mboga, nikakitoa upesi nikakianika kwa ajili ya kesho. Hayo siyaonei haya. Mama mwenye watoto na mume aliye mbali ananielewa. Aibu yangu inaanzia siku ya Sabato.

Mnajua desturi yetu. Watu wanatoka mbali, ibada inakwenda hadi jioni, kwa hiyo kila mama anakuja na kikapu cha chakula alichopika Ijumaa. Tunaviweka pamoja pale darasani kando ya kanisa, tunafunua, tunakula wote. Mimi nikaanza kuuonea uchungu unga ule. Kila wiki unga, kila wiki kuni, kwa matumbo yasiyo yangu! Basi nikapata ujanja. Chini ya kikapu niliweka majani ya mgomba na jiwe langu dogo la kusagia, kiwe kizito kichwani. Juu nilifunika kitambaa cheupe, kisafi kuliko vyote. Nilikiweka nyuma kabisa. Vya mbele vikifunuliwa watu wanashiba, nami nasema kwa masikitiko, jamani, chakula changu leo pia hakikuguswa. Wakati huo watoto wangu wamekula vyenu mpaka wanahema. Nilifanya hivyo Sabato nyingi, na njiani nikirudi nilikuwa nacheka. Ndugu zangu, nilicheka!

Ikafika Sabato moja ya mvua kubwa. Tulikuwa tumemaliza kula, vikapu vitupu, akaingia bibi mmoja mzee amelowa chapachapa. Alikuwa mama mkwe wa dada yetu Kwamboka. Alisema Kwamboka amejifungua alfajiri, mumewe yuko kazini mbali, na nyumbani hakuna hata unga wa uji wa kumpa mzazi. Mzee wa kanisa akatazama huku na huku, akakiona kikapu changu. Alifurahi sana. Alisema mbele yenu nyote kwamba Mungu amekiweka kikapu cha dada Moraa kwa ajili ya saa hii. Akakiinua mwenyewe, akamtwika yule bibi.

Ningeweza kusema. Nilikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono. Mliitikia Amina, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nyumbani nilikuwa na chungu kizima cha unga. Ningekwenda mbio nikauchukua, lakini ningemweleza nini mzee wa kanisa? Badala yake niliomba. Naona haya kulitaja ombi lenyewe, ila nitalitaja. Nilimwomba Mungu bibi yule ateleze pale mtoni, kikapu kichukuliwe na maji. Mzee wa watu, katika mvua ile, na mzazi anamngoja! Namshukuru Mungu kwa kuwa ombi lile alilikataa.

Yaliyofuata aliniambia bibi mwenyewe, baadaye sana. Alifunua kikapu nje, chini ya paa, akiwa peke yake. Hakuingia nacho ndani. Alikwenda kwa jirani ambaye hasali kanisa lolote, akapewa wimbi, akausaga kwa jiwe langu mimi. Alipika uji, akampa Kwamboka, akamwambia ni chakula kutoka kwa Moraa wa kanisani. Jumatatu alileta kikapu changu, jiwe limeoshwa, kitambaa kimekunjwa. Alikiweka mlangoni, akanisalimia kwa upole, akaenda zake. Nilikiingiza ndani upesi.

Kwamboka alipopata nguvu alisimama hapa hapa niliposimama, mtoto mgongoni, akanishukuru kwa jina langu. Mlimsikia. Tangu siku hiyo kila akivuna ananiletea kibuyu cha wimbi. Miaka minne! Na mimi nilipokea. Nilipokea, nikamimina chunguni, na moyoni nikajiambia, hapa pia nimeokoa kidogo. Mabati yale mnayoyasifu yana uji wa Kwamboka ndani yake.

Mwezi uliopita bibi aliugua. Aliniita, akawatoa watu nje. Alisema, "Mwanangu, jambo lako nimekubebea tangu mvua ile. Sasa mimi nakwenda. Libebe mwenyewe." Hakunigombeza. Mnajua kwamba tumemzika juma lililopita.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Kwamboka. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Nilimwambia yote, kuanzia jiwe hadi lile ombi la mtoni. Hakuinua uso. Aliendelea na mboga zake mpaka zikaisha, nami nimesimama juani kama mgeni asiyekaribishwa. Mwishowe akasema, "Nilikusifu kanisani. Kaseme huko huko."

Ndiyo maana nimekuja, ndugu zangu. Nilipotoka kwake nilipiga magoti ndani ya migomba, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nikaona kwamba maisha yangu yote nimeogopa chungu kitupu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikamwambia Bwana, iondoe hofu hii, mimi siiwezi. Na aliiondoa! Jana hiyo hiyo nilichota unga bila kupima kwa kikombe, nikapika. Wenzangu, hamjui hilo ni jambo kubwa kiasi gani kwangu.

Mzee wa kanisa, sifa ulizonipa siku ile nazirudisha mbele ya watu wote. Zilikuwa za yule jirani asiyesali na za bibi tuliyemzika. Na kama yupo hapa mama au baba anayebana hata kile ambacho mwenzake atakufa akikikosa, asikae nacho miaka minne kama mimi. Amwambie Bwana leo. Nimeyasema yote haya na bado nimesimama, na aliyenisimamisha ni yeye. Mtumainini!

Kwamboka, sijui umenisamehe au bado, na sidai jibu mbele ya watu. Wimbi wako wa miaka minne nitaurudisha wote. Sasa nimemaliza, nataka kuketi. Ukinisogezea nafasi kwenye benchi lako, nitakaa hapo. Usiposogea, nitakaa chini sakafuni, karibu na miguu yako.