Mbele Sanduku Haijafungwa

ZAGABE: Haloo? Haloo, Yaya?

CIBALONZA: Nani huyu?

ZAGABE: Ni mie! Zagabe, mudogo wako wa huku Kasha!

CIBALONZA: Eh! Jambo yako. Mbona namba ingine?

ZAGABE: Ni ya bibi yangu Laurette. Telefone yangu imezimika, napigia watu tangu asubuhi.

CIBALONZA: Nani amekufa?

ZAGABE: Hakuna mu— Ee, ndiyo, jirani yetu Papa Marcellin. Tulimuzika jana. Lakini sikupigii juu ya ile—

CIBALONZA: Pole sana!

ZAGABE: Sikia kwanza! Ku kilio kila mutu anasimama, eti alikuwa anaimba vizuri mu korali. Yaya, miaka yote tulikuwa tunamwambia anyamaze! Sasa iko mu sanduku, njo tunamusifu. Nikasema mie nitaambia watu wangu wakingali wanasikia.

CIBALONZA: Utawaambia nini?

ZAGABE: Ile... Nakupenda, Yaya.

[Rezo ya telefone inakwaruza.]

CIBALONZA: Umekunywa kasiksi?

ZAGABE: Hata tone! Laurette naye alininusa kinywa, kisha akaficha funguo ya pikipiki.

CIBALONZA: Bibi iko na akili.

ZAGABE: Tonton Ignace, mujomba wetu, alifikiri naomba kitu; akasema mbuzi yake hapana ya kupana bure, akakata telefone.

CIBALONZA: [anacheka] Maskini!

ZAGABE: Yaya, maman alipofariki ni weye ulinibeba ku mugongo. Ulikuwa na miaka kumi tu. Ulikuwa unanitafunia mahindi—

CIBALONZA: Na weye ulikuwa unanikojolea.

ZAGABE: Njo nasema aksanti kwa—

CIBALONZA: Ngoja. Ni Fabiola alikuambia?

ZAGABE: Mutoto yako? Aliniambia nini?



CIBALONZA: Hakuna. Mvua inanyesha huku Kalehe.

ZAGABE: Yaya.

CIBALONZA: Ni kitu kidogo. Operasyo, siku ya ine, Alhamisi. Ku tumbo. Munganga anasema... anasema tuombe. Nilikataza Fabiola, juu weye unaliaka sana.

ZAGABE: Silii.

CIBALONZA: Unalia.

ZAGABE: Ni rezo!

CIBALONZA: Rezo inavuta kamasi?

ZAGABE: Kesho nakuja na boti ya asubuhi.

CIBALONZA: Usikuje! Nyumba haijafagiliwa!

ZAGABE: Nitafagia.

CIBALONZA: Weye? ... Basi kuja. Lakini ku hopitali usianze mambo yako ya mapendo mbele ya watu!

ZAGABE: Nitaanza na munganga. Nitamwambia nampenda, akate polepole.

CIBALONZA: Zagabe, nitakufa na haya mbele operasyo haijafika!

ZAGABE: Inite za telefone zinaisha, Yaya. Sema haraka—

CIBALONZA: Niseme nini?

ZAGABE: Unajua.

CIBALONZA: Aa, weye... Nakupendaka-na-mie-kichwa-ngumu.

ZAGABE: Haloo? Sikusikia! Rudilia!

CIBALONZA: Umesikia vizuri sana. Uvae koti kesho, ku ziwa kuko bari—

[Tuu. Tuu. Tuu.]