Muhuri wa Saa Katikati ya Wimbi

Ndugu waombolezaji, familia imetutuma tusimame mbele yenu kuwasomea maisha ya mtu ambaye, kama angeweza, angekwisha kutukatiza hapa hapa kutuuliza tumeyapimaje.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kwa Nini, alizaliwa tarehe 12 Februari 1960, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kushonea, na humo ndimo udadisi wake ulimoanzia, kwani chini ya taa ya mrija gurudumu la cherehani ya umeme lilionekana mara limesimama, mara linarudi nyuma, naye akanyoosha kidole kuhakikisha, akabaki na kovu pamoja na swali.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967, sekondari kuanzia 1975, kisha chuo cha ufundi hadi 1983, ambako mwalimu wake alimweleza kwamba taa ile huwaka na kufifia haraka mno, kwa hiyo jicho huliona gurudumu vipande vipande, na kuviunga vibaya, jibu lililomfurahisha kuliko cheti chenyewe.

Januari 1984 aliajiriwa katika kituo cha umeme cha bwawani, akakabidhiwa chombo kinachokata kipande cha wimbi la umeme na kukigeuza kuwa mshale, urefu wake ukionyesha nguvu ya wimbi, mwelekeo wake ukionyesha wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake. Mishale ya vituo viwili ikielekea upande mmoja, laini zake zinaweza kuunganishwa, isipoelekea nazo zikaunganishwa, mtikisiko wake unaweza kuvunja mhimili wa mtambo, na mafundi wako pale pale kando yake.

Juni 1992 iliamriwa kituo cha bwawani kiunganishwe na kituo cha ng'ambo ya milima, lakini mwendeshaji wa kule, mwanamke asiyeyumbishwa, alikataa katakata kutoa ruhusa, kwa sababu wimbi likienda mwendo wake wa kawaida vyombo vyao vilikubaliana, ila asubuhi watu wakiwasha majiko na mwendo ukabadilika, vilipishana. "Kaka, chombo chako kimechelewa," alimwambia kwa simu, marehemu akajibu, "Chako ndicho kina kiherehere." Hata hivyo hasira zake hazikuwahi kuuzidi udadisi, akapakia chombo chake kwenye lori la kazini, akaenda kukiweka meza moja na cha yule dada, wakavilisha wimbi moja.

Kumbe vyote vilipima sawasawa, ila marehemu alikipiga kila kipande muhuri wa saa, yaani alikiandikia saa yake, kilipoishia, ilhali yule dada alikipiga katikati, na kipande cha wimbi linalobadilika, ukikipima kizima, jibu lake ni la katikati yake, si la mwisho. Kama laini zingeunganishwa asubuhi kwa kufuata mshale wa marehemu, huenda tungezika mafundi. Marehemu alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Dada, umenishinda," na tarehe 8 Mei 1993 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti na mvulana, waliokulia katika nyumba ambamo swali halikuwahi kuzimwa kwa kofi.

Alistaafu mwaka 2020, akaanza kuugua moyo Machi 2024, na wodini alimuuliza daktari kama namba ya mapigo kwenye skrini ni ya sasa hivi au ni wastani, daktari akakiri hajui, kesho yake akarudi na jibu kwamba ni wastani wa sekunde zilizopita, marehemu akacheka hadi muuguzi akamtuliza. "Basi hizo ni habari za zamani," alisema, kisha akamgeukia mkewe, "Siku mkinisoma, msinipige muhuri mwishoni." Alifariki asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyerudi na jibu, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa vituo vyote viwili.

Jana mjane aliketi na kalamu, akatafuta katikati ya tarehe zile mbili, ya kuzaliwa na ya kufariki, ikaangukia Juni 1992, mwezi ule ule wa ubishi wao wa simu, akacheka, kisha akalia, nasi tukalia naye. Kwa hiyo msishangae kibao cha kaburi kuwa na tarehe tatu, ile ya katikati ikiwa na herufi kubwa zaidi, ndiyo saa yake. Pumzika kwa amani, Kwa Nini, safari hii umeshinda wewe.