Watu Wasiokuwepo Mlimani

Mmesikia? Gari hilo. Limepanda kutoka barabara kubwa, limefika kisimani, limezima, na mlango wake haujafunguka. Mama, usiwashe taa, nakuomba. Irakoze, mwamshe mdogo wako Idefonsi, mketi hapa mkekani karibu nami nisipaze sauti, maana nina maneno ya kuwaachia na sijui kama nitapewa usiku mwingine. Wosia ni wa wazee wenye mvi, najua, mimi sijafika hata miaka thelathini na huyu Ineza bado ananyonya, lakini ndipo tulipofika, mtu anawaaga wanawe akiwa na meno yote kinywani. Basi nisikilizeni, wanangu.

Kwanza shamba. Kile kilima cha Nyamiaga kinachotazamana na nyumba ya wageni ya serikali, kuanzia njia ya mtoni mpaka penye jiwe kubwa, kahawa na migomba, pale alipozikwa babu yenu Protasi, ni mali ya baba yenu Ntwari na ya watoto wake. Mtu akiwaambia mlihama, mkatalieni. Hatukuhamia hapa Nyantakara, tulipakiwa kwenye lori pamoja na sufuria na kuku waliofungwa miguu, na kama bibi yenu Agripina asingekuwa na nyumba hii tungelala porini. Minyaa ya mpakani wameing'oa, lakini minyaa haifi upesi. Mkikua, nendeni mkaangalie inapochipua, hapo ndipo mpaka.

Sasa sababu yake, maana mtaambiwa mengine. Rais alipokuja Ngara nilichukuliwa kusaidia jikoni, nikapewa kazi ya chai, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na najua kunyamaza mbele ya wakubwa, ndivyo alivyosema bwana mmoja wa suti ya kijivu, akacheka. Tangu jioni niliona mambo. Mzee alikuwa akimwita dereva wake kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na dereva anaitika. Kila mtu alikuwa anaitika. Asubuhi nikaingia na birika, nikamkuta amesimama dirishani na soksi mguu mmoja, wakubwa wameketi mezani hawagusi mkate.

"Wale watu," akasema. "Wamesimama pale mlimani tangu jana, wananitazama tu. Waondoke."

Wanangu, hakukuwa na mlima. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kote, hata mti wa uani, ambao ningeugusa kwa ufagio, haukuonekana. Wakubwa wakainuka wote, wakasogea dirishani. "Nimewaona, Mheshimiwa," akasema wa kwanza. "Tena wana mabango," akasema wa pili, asije akazidiwa. Wa tatu akapangusa miwani yake, akatazama vizuri, akasema wengine wamechuchumaa.

Rais akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, unawaona?"

Nikasema, "Sioni, Mzee. Ni ukungu."

Msije mkanisifu kwa hilo, nilikuwa nimeshika birika la moto na mdomo ukawahi. Lakini mjue alichofanya. Alikigusa kioo kwa kidole, akakitazama kidole kilivyolowa, akasema, "Ukungu," polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya kwao. Alitaka kuketi. Naapa kwa Bikira Maria, alitaka kuketi anywe chai na yangeishia hapo. Ndipo yule wa suti ya kijivu akasema, "Huyu mama macho yake mabovu, Mheshimiwa. Sisi tunawaona." Hapo Mzee akapiga meza, vikombe vikaruka. "Kesho wasiwepo!"

Na amri ikishatoka, lazima wapatikane watu wa kuondolewa. Wakapatikana: sisi na majirani zetu wa kilima kile cha Nyamiaga.

Mtu akiwaambia namlaumu mgonjwa, mwambieni nina huruma naye, kidogo sana, maana alipokuwa mzima ndiye aliyewafukuza na kuwafunga wote waliowahi kumwambia hapana, akabakiza hawa. Sasa akili imemtoka na mamlaka yamebaki mkononi, na hakuna anayethubutu kuyapokea. Wanamsafirisha nchi nzima kama sanamu ya maandamano, wanamvalisha, wanampangusa mdomo, wanachukua alichotamka usingizini wanakigeuza sheria.

Baba yenu nilimweleza. Akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akauliza, "Mke wangu alikuwepo. Kulikuwa na ukungu. Nani aliona nini?" Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wakisubiri mwenzao aseme. Jioni wakaja kumchukua akiwa na ndala zake za bafuni miguuni. Nimezunguka kila kituo cha polisi, hawamjui. Mmoja akaniuliza, "Wewe una hakika uliwahi kuwa na mume?" Na mimi nimemnyonyesha mtoto wake hapo hapo mbele ya meza yake!

Jirani yetu Kazimili yeye alikiri redioni kwamba alisimama mlimani na bango, akaomba msamaha, akarudishiwa nyumba. Mkikutana naye mpeni shikamoo yake, ni mtu mzima. Chakula chake msile.

Shuleni mkiambiwa mwimbe kwamba Rais ana afya njema, imbeni. Irakoze, una sauti nzuri, imba. Nataka mfaulu, nataka mle, sitaki mashujaa mimi, nimeshamtoa mmoja. Midomo ikilazimika kusema inaona, iseme, ila macho yenu yasijifunze kuona kisichokuwepo. Mnanielewa? Hamnielewi. Mtanielewa.

Kitenge changu cha harusi ni chako, Irakoze. Idefonsi, jembe la baba yako, mpini ukivunjika badilisha mpini, jembe usiuze. Mtiini bibi. Mimi naondoka na Ineza kabla ya alfajiri, na msiulize wapi, mtu asiyejua hawezi kulazimishwa. Mama, wakikuletea sanduku la maiti na kukwambia usifungue, lifungue. Liwe langu au la Ntwari, lifungue, uone.

Gari limewaka. Nyamazeni... Linashuka. Au linageuza, sijui, masikio yananivuma. Leteni vipaji vya nyuso. Kwa jina la Baba, na la Mwana. Mungu awakuze. Awape mkate usiowaaibisha. Awape... mama, mshike kidogo mtoto. Awape usingizi.

Haya. Baba yenu nilimwambia, wakamchukua. Sasa nimewaambia ninyi, na nimeanza kuogopa upya wakati maneno bado yako mdomoni. Usilie, Irakoze. Naahidi, huko niendako, hata wakinipa chakula, hata padri akiniuliza, sitamwambia mtu mwingine.