Risasi Tano na Tundu la Mungu

Benchi la Raho si benchi la kusifiwa. Ni ubao uliotoka kwenye kanisa lililofungwa, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la simu pale Lozells Road, Birmingham, na mguu wake mmoja umetiliwa kigae ili usicheze. Raho anauza kahawa ya tangawizi kutoka kwenye birika kubwa, na wanaume watatu wanainunua kikombe kimoja kimoja ili wapate haki ya kukaa hapo mchana kutwa. Wa kwanza ni Gaston, mtu wa Bukavu, aliyekuwa karani wa mahakama; kijiwe kimempandisha cheo, kikamwita Maître, yaani wakili. Wa pili ni Sugow wa Garissa, dereva wa teksi, anayeitwa Kilomita kwa sababu hana hadithi fupi. Wa tatu ni Jagjit Singh, mzee wa miaka sabini na minane, mzaliwa wa Nanyuki, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua miti, na kwa hiyo yeye ni Mbao, apende asipende. Alhamisi hiyo saa tisa mchana ukungu ulikuwa mzito hata mabasi yamewasha taa. Mbao alifika amechelewa, akakaa pembeni bila salamu, na kijiwe kizima kikajua ana neno.

— Kilomita, alisema hatimaye, wewe umewahi kushika rivolva?

— Mimi? Walahi, mjomba wangu alikuwa polisi Garissa. Rivolva nimelala nayo kama mto.

— Uliona mufuko yake tu, alisema Gaston. Yenyewe mujomba alikuwa nayo mu kiuno.

— Maître, wacha mzee aseme.

Mbao alizungusha kikombe mkononi. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno, lakini hili alikuwa akilizunguka tangu Jumanne.

— Jumatatu nilipanda kwenye dari la nyumba yangu, nikitafuta picha za mke wangu, Balbir. Nikakuta sanduku la bati la baba. Ndani, chini ya blanketi, iko rivolva yake. Ile ya Nanyuki.

Raho aliacha kumimina. Gaston alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akashusha sauti.

— Mbao, weye unatuletea mambo ya gereza. Mu hii inchi bakikukuta na ile kintu ni miaka tano, na juge hata hakuangalie ndevu.

— Najua. Kaka yangu Gurbachan aliniapia aliitupa baharini kabla hatujapanda meli. Miaka hamsini na kitu nilimwamini. Kumbe aliiweka juu ya kichwa changu.

— Si polisi wanazichukua wiki hii bila maswali? aliuliza Sugow. Nimeona tangazo. Inaisha leo, saa kumi na moja.

— Leo, alisema Mbao. Ndiyo.

— Sasa shida iko wapi? Una masaa mawili.

Mbao alianza mbali, kama mtu anayetafuta kona ya kuingilia. Aliwaeleza jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka nyuma ya kiwanda, kwenye rundo la maganda ya miti, akampa ile rivolva, chuma cheusi cha uzito wa jembe, na risasi zake nene kama kidole gumba. Si bastola ya kuvuta nyundo kwanza kwa dole. Unavuta triga tu, na mvuto huo huo mmoja unafanya kazi zote: silinda inazunguka, nyundo inainuka, nyundo inaanguka. Lakini triga yake ni ngumu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mikono ya kubeba magogo, na bado ilikuwa kama kuinua ndoo ya maji kwa kidole kimoja. Ikilia, unaisikia kwenye meno, na mkono unaruka mpaka usawa wa kilemba.

— Na baba alikuwa na sheria yake, aliendelea. Ina matundu sita. Unatia risasi tano. La sita linabaki tupu, na nyundo inalala juu ya hilo, ili hata ikianguka isiue mtu. Baba alisema, tano ni zako, la sita ni la Mungu.

— Muzee wa akili, alisema Gaston.

— Jumatatu niliifungua. Risasi tano, na nyundo imelala juu ya tundu la Mungu. Fataki za risasi zote, vile vifuniko vya nyuma vinavyopigwa na nyundo, laini, hazina alama. Nikafunga. Jumanne asubuhi nikaifungua tena.

— Kwa nini ukafungua tena?

— Sijui, Maître. Nikafungua. Nyundo haikuwa kwenye tundu la Mungu. Ilikuwa imesogea, imelala juu ya risasi ya kwanza, na ile fataki imebonyea katikati. Mtu alivuta triga. Nyundo ilipiga, na risasi haikulia kwa sababu ni kuukuu.

Basi la kwenda mjini lilipita, madirisha yake meupe kwa pumzi za watu.

— Jumatano, alisema Mbao, mbili zimebonyea. Leo asubuhi, tatu.

Ukweli ni kwamba mzee hakuja pale kwa ajili ya kahawa. Alikuja aambiwe kwamba ni mtikisiko wa basi. Aambiwe ni panya, ni shetani, ni hewa ya Uingereza, chochote, mradi kisiwe kile ambacho kwa siku tatu alikuwa akikipisha njia ndani ya kichwa chake. Aliogopa, na aliwatazama rafiki zake wawili kama mgonjwa anavyomtazama daktari usoni kabla daktari hajafungua mdomo.

Sugow hakumwangusha.

— Hiyo ni mabasi, alisema. Nyumba yako iko karibu na Soho Road, sindio? Basi inapita, ukuta unatetemeka, sanduku linatetemeka, silinda inasogea. Kidogo, kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kilomita, triga yake ni ndoo ya maji.

— Mabasi mangapi yanapita kwa siku? Ni ndoo ngapi hizo?

— Kama ni basi, alisema Gaston, basi vijiko ya inchi hii yote ingekuwa inacheza mu kabati. Hapana. Hii kintu ni ya moto na baridi. Chuma inapumua. Usiku baridi inajikunja, asubuhi unawasha hita, inajinyoosha. Voilà, inajivuta yenyewe.

— Miaka hamsini haikupumua, alisema Mbao, ianze Jumanne?

Gaston alikuna kidevu. Karani wa mahakama hashindwi. Akishindwa hubadilisha faili.

— Ilifanyiwa wapi, hii rivolva?

— Imeandikwa ubavuni. Birmingham.

— Unaona sasa? Ilizaliwa hapa. Ikaenda Kenya, ikafanya kazi ya bazungu, ikarudi. Sasa imesikia harufu ya kwabo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali si ya bunduki, alisema Raho.

— Methali ni ya kila mutu. Miye nilikuwa na moja mu tribunal pale Bukavu, kielelezo namba makumi ine na moja. Rivolva ya namna ile ile. Kila mangaribi naifungia mu armoire, ile kabati ya mafaili, inatazama ukuta. Kila asubuhi inatazama mulango ya juge. Siku tisa. Ya kumi juge akaomba likizo.

— Nani alikuwa anaigeuza?

— Ile swali hatukuiandika mu rejista.

Walicheka kidogo, cheko la kupitisha baridi. Mbao naye alicheka, kisha akakiweka kikombe chini.

— Mimi nasema ni baba yake, alisema Raho, aliyekuwa amekuja na birika mpaka kwenye benchi. Wafu wanahesabu mali yao. Anakuja anakagua: moja, mbili, tatu.

— Baba hakuvuta triga kwa kuhesabu, alisema Mbao taratibu. Alikuwa akinipiga kofi nikifanya hivyo.

— Basi ni mtu mzima hai, alisema Sugow, na sasa akaegemea mbele, macho yakiwaka, kwa maana alikuwa amepata barabara ndefu. Sikilizeni. Hizi nyumba za zamani, zile zimeshikana mtaa mzima, dari zao hazina ukuta katikati. Mimi nilimsaidia jamaa kupitisha waya Handsworth, tukaingia nyumba yake, tukatokea nyumba ya tano, kwa mama mmoja anakunywa chai. Kuna mtu huko juu, Mbao. Anaishi kwa dari ya mtaa wote. Anakula kwa huyu, anaoga kwa yule. Kwako anakuja kuchezea bunduki. Mficha uchi hazai.

— Hiyo pia umeiweka mahali si pake, alisema Raho.

Lakini Mbao alikuwa ameishika nadharia hiyo kwa mikono miwili. Alimwona kabisa huyo mtu, mwembamba, miguu mitupu, akitambaa juu ya mbao za dari kutoka nyumba hadi nyumba. Alimpenda. Kama yupo, basi polisi watamkamata, na yeye Jagjit atakwenda kulala.

— Inawezekana, alisema. Nimesikia mbao zinalia.

— Si ndiyo hiyo.

— Jana nimesikia mtu anatembea. Polepole. Kama mtu mzee.

Pembeni ya meza ya Raho alikuwa amesimama mwanamke aliyevaa sare ya buluu ya wahudumu wanaozungukia wazee majumbani. Walimjua kwa sura, hawakumjua kwa jina. Jina lake Sylvie, alitoka Uvira, na alikuwa akingoja kahawa ya kwenda nayo. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa kijiwe hakinong'oni hata kikidhani kinanong'ona.

— Samahani, papa, alisema. Lile sanduku liko wapi sasa? Bado ku dari?

— Nililishusha Jumatatu. Liko chini ya kitanda changu.

— Na halina kufuli?

— Linayo. Nalifunga kila jioni, na kila asubuhi nakuta limefungwa.

— Na ufunguo iko na nani?

Sugow alitazama kiatu chake. Gaston, mwanasheria wa kijiwe, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu avuke ziwa Tanganyika, akaanza kuchungulia kikombe chake. Walikuwa wanajua. Mbao aliona usoni mwao kwamba walijua tangu ile risasi ya kwanza, na mabasi yale, na chuma kinachopumua, na jaji aliyeomba likizo, vyote walivirundika mbele yake kwa huruma, ili wasiseme kwamba tangu Balbir afe mwezi wa pili, nyumba ile ina mtu mmoja tu.

Raho aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sylvie. Yakatoka matone mawili ya machicha.

— Mimi, alisema Mbao. Ninao mimi, shingoni. Silali na kitu kingine shingoni.

Aliushika ufunguo juu ya shati, akaendelea.

— Jumanne niliamka nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Mkono unanuka mafuta ya mashine. Nikasema nimeota kiwanda cha baba. Jumatano hivyo hivyo, kiti hicho hicho. Sikumbuki, bhai. Naapa sikumbuki. Ningekuwa nakumbuka ningejikataza.

— Zimebaki mbili, alisema Gaston. Sauti yake ilikuwa imepoteza mahakama yote.

— Mbili.

Sylvie aliweka kikombe chake kitupu mezani. Alikaa kwenye benchi, mahali pembamba palipobaki kati ya Mbao na ukuta, akanyoosha kiganja, akakiacha pale wazi. Ilichukua muda. Mzee alivua kamba kupitia kilemba, kwa tabu, mpaka Gaston akamsaidia upande wa nyuma, na ufunguo mdogo wa bati ukaanguka kwenye kiganja cha mwanamke ambaye hata sasa hakujua jina lake.

— Usiende kuibeba weye mwenyewe, Sylvie alimwambia. Tunabaita bapolisi, bao bakuje kuichukua.

— Na leo unalala kwangu, alisema Gaston. Kesho pia. Bibi yangu anakoroma, hautapata nafasi ya kutembea.

— Kwangu Jumamosi, alisema Sugow, tayari akibonyeza simu. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, alieleza jambo kwa maneno machache: kuna rivolva kuukuu, ina risasi, iko chini ya kitanda, mwenyewe anataka kuisalimisha kabla ya saa kumi na moja. Alitaja mtaa na namba ya nyumba. Akasikiliza. Akaitikia mara mbili tatu, yes, yes, halafu akaifunika simu kwa kiganja.

— Wanakuja, alisema. Lakini huyu dada wa polisi anauliza kama kuna mtu yeyote ndani ya nyumba sasa hivi.

Mbao alijua jibu. Ni neno moja, na alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa ameufunga mlango kwa mkono wake saa nane na nusu, akaujaribu mara mbili, akashuka ngazi. Aliutazama ukungu upande wa Soho Road, ambako nyumba yake ilisimama na taa zake zimezimwa, akazifikiria zile mbao za dari zilizolia jana usiku, wakati yeye, alikumbuka vizuri, alikuwa amelala chali, macho wazi.

— Mwambie sijui, alisema.