Bi. Hajra Masoudi na Wanafunzi wa Miwani

Ndugu mliofika kutoka Kiegei, Ruangwa na kwingineko, kabla jeneza halijanyanyuliwa, sikilizeni maisha ya Bi. Hajra Masoudi, yanayosomwa na mdogo wake Saburi, ambaye humu atajitaja kama mtu mwingine, maana yapo aliyoyatenda na anaona haya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 kijijini Kiegei, wilayani Nachingwea, mtoto wa pili wa Mzee Masoudi Hasani na Bi. Sikudhani, wakulima wa korosho na ufuta, akasoma shule ya msingi hapo hapo mwaka 1972 hadi 1978, akahitimu uuguzi mwaka 1985, na tarehe 2 Januari 1986 akaanza kazi zahanati moja huko Namungo, ambako wachimbaji wa madini waliovunjika miguu walimwogopa kuliko shimo lenyewe. Mwaka 1988 aliolewa na Bw. Abubakary, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016, wakajaliwa watoto wawili, Twalha na Mwanawetu.

Mwaka 2022 alihamia kufundisha chuo kimoja cha afya Nachingwea, akaikuta ile miwani mikubwa inayofunika uso, ambayo wanafunzi wakiivaa wanajiona wako chumba kimoja na mgonjwa wa kuigiza, wanashirikiana kumwokoa. Hajra hakuiamini hata kidogo. Mgonjwa gani huyo, alisema, hanuki, hana ndugu mlangoni, na akifa anabonyezwa anafufuka? Akaivaa ili aiumbue, akajifanya daktari mkuu, akaagiza makusudi dawa isiyofaa, na wanafunzi sita, wote wakijua haifai, wakaitikia, "Sawa, mama," mgonjwa akafa. Loo, alivyofoka! Alisema wamemuua kwa adabu. Tangu hapo akaacha kuishuku mashine, akaanza kuwashuku wao, akawa anawatega kila wiki mpaka wajue kumkatalia mkubwa kwa sauti, wakimtaja jina na kumweleza anapokosea. Wa kwanza kuthubutu alikuwa mwanafunzi mmoja, Shakila.

Marehemu alisumbuliwa na kisukari tangu mwaka 2011. Tarehe 6 Mei 2025 alizimia nyumbani, akakimbizwa hospitali, na Daktari Amiri, kwa kuona kwenye kadi kwamba ana kisukari, akaagiza achomwe sindano ya kushusha sukari. Shakila, ambaye sasa ni mwajiriwa pale, akapaza sauti, "Daktari Amiri, acha! Kipimo kinaonyesha sukari imeshuka, hiyo itammaliza!"

Saburi alikuwa mlangoni, akamsikia binti mdogo anamfokea mtu wa rika la baba yake, bila hata samahani, na moyo wake ukaingia giza. Anamzuia daktari kwa nini? Anaficha nini? Akatangaza kila mahali kwamba watoto wa miwani wamemgeuza dada yake mchezo, akamkataza Shakila asisogee kitandani.

Sindano ikaachwa, Hajra akapewa sukari, akazinduka, akaishi siku tisa, akaagana na wanawe huku figo, zilizokwisha kuharibiwa na kisukari, zikizidi kushindwa. Siku ya saba akauliza, "Shakila wangu mbona haji?" Saburi akamjibu kwamba kahamishwa, ilhali binti alikuwa benchi la nje na chupa ya uji, kwa siku ya tatu mfululizo.

Marehemu amefariki leo, tarehe 15 Mei 2025, saa moja asubuhi. Daktari Amiri, Mungu ampe heri, ndiye aliyemwita Saburi pembeni baada ya hapo, akakiri kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba bila yule binti msiba huu ungekuwa wa wiki iliyopita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zake wa mtaani Nambambo mliopika na kuchota maji, walimu wenzake, na wazee wa Namungo mliotoka mara tu habari ilipowafikia. Na wewe Shakila, uliyekaa mwisho wa mkeka wa kina mama, dada alikuita. Alikuita, mwanangu, na mimi ndiye niliyekuzuia. Nisamehe.

Hajra, dada, lala kwa amani.