Bi Khole bint Salim: Nusu Niliyoiacha Ukumbini

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Khole bint Salim alikabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika matbaa yetu ya Khuwair ya Kusini. Wateja wengi hata jina la matbaa hawalijui. Husema tu wanakwenda kuchapisha "kwa Bi Khole": kadi za harusi, ratiba za mahafali na, zaidi ya yote, hotuba.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na mumewe katikati ya miaka ya themanini. Tulimwajiri kupiga chapa kwenye kompyuta. Ameondoka akiwa mkuu wa kitengo cha maandishi. Kwake hapakuwa na hotuba iliyotoka mlangoni kabla mteja mwenyewe hajaisoma kwa sauti, amesimama, mbele ya kaunta. Bwana harusi, mkuu wa skuli, ofisa wa wizara, wote walisimama. Bi Khole alisikiliza amefumba macho, kisha akauliza: "Ukifika hapa, unamtazama nani?" Asiyekuwa na jibu alirudishiwa karatasi yake. Mzee mmoja alikuja na kurasa kumi na moja kwa ajili ya harusi ya bintiye, akaondoka na moja na nusu huku ananung'unika. Wiki iliyofuata alirudi na halua. "Walilia," alisema. "Hata mama mkwe!"

Ningependa kuendelea hivi mpaka mwisho wa ukurasa. Lakini waliokuwepo ukumbini siku ya kumuaga wanajua kwamba mimi ndiye niliyepewa heshima ya kusema, na wanajua nilivyoitumia.

Sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, maneno yatakuja yenyewe. Hayakuja. Nikaona watu wanaanza kutazama simu zao, nikaingiwa na hofu, nikaishika hadithi ya kwanza iliyonijia yenye kuchekesha.

Nikasimulia kwamba Bi Khole alipoajiriwa hakuwa akikielewa Kiarabu cha kuandikwa. Msahafu aliusoma chuoni Unguja, herufi alizijua, lakini maneno aliyoyapiga chapa aliyafuata kwa sura zake tu. Siku moja karatasi za wateja wawili zikachanganyika, na baba wa bibi harusi akasimama mbele ya wageni mia tatu, akafungua ukurasa wa pili, akasoma: "Na ambao hawakufaulu mara hii wasivunjike moyo, watarudia mwakani."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nami nikanogewa, nikairudia sentensi ile kwa kuigiza sauti. Kisha nikamtazama.

Bi Khole alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri jambo lipite. Ubavuni pake alikaa bintiye Kawthar, mwalimu wa Kiarabu. Yeye hakucheka. Alimgeukia mama yake, na kutoka jukwaani niliiona midomo yake ikiuliza: "Kweli, mama?"

Hapo ndipo nilipokumbuka hadithi ile niliipata wapi. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa ratiba mia nne za mahafali zenye tarehe isiyo sahihi, nikajificha stoo ya karatasi, nimeshaamua kuacha kazi. Bi Khole alinifuata, akakaa juu ya bunda la karatasi, akanisimulia yaliyomfika yeye. "Nnakwambia wewe ili uinuke," alisema. "Hata wanangu hawalijui. Likae hapa hapa." Mimi nikalitoa siku ya heshima yake, ili watu waache kutazama simu.

Alipoitwa kujibu, alikuja na karatasi iliyokunjwa. Hakuikunjua. "Nawashukuruni nyote. Mungu awalipe kheri," alisema, akarudi kukaa. Mtu aliyewafundisha wengine kusema kwa zaidi ya miaka ishirini aliondoka kwetu na maneno yake mkononi, kwa sababu yangu.

Jumamosi nilikwenda kwake Al Khoudh. Kawthar alinifungulia, akaitika salamu, akarudi ndani. Bi Khole alinimiminia kahawa kama mgeni mwingine yeyote, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza.

"Bi Khole, nimekuja kukuomba radhi. Nimekuvunjia heshima."

"Umenivunjia," alisema.

Nikafanya kosa la kujitetea, kwamba walau sikusema uongo.

"Ndo maana yauma. Uongo ningeukana. Na tena umesema nusu, Zahor. Nusu ya pili waijua, nilikwambia mwenyewe."

Niliijua. Siku ile vicheko vilinitosha, nikashuka jukwaani. Bi Khole akamwita Kawthar aje akae, akaniambia: "Haya, simama. Sema iliyobaki."

Nikasimama pale sebuleni, nikamwambia Kawthar iliyobaki. Baba wa bibi harusi alikuja matbaa na kumfokea mama yake mbele ya watu. Mama yake hakuacha kazi. Alijiandikisha madarasa ya Kiarabu ya watu wazima, na kwa miaka mitatu, kila alasiri, alikaa darasani na wanawake waliokuwa wakijifunza kuandika majina yao. Nyumbani alichukua daftari za wanawe akazisoma mstari kwa mstari, nao wakidhani anawakagulia kazi za skuli. Siku alipoanza kuelewa anachokichapa, ndipo alipoanzisha desturi ya kuwasimamisha wateja kaunta, ili asiwepo tena mtu wa kuaibika mbele ya wageni wake kwa karatasi iliyotoka mikononi mwake.

Kawthar akamtazama mama yake. "Kumbe zile daftari zangu, mama…"

"Zako ndo zilokuwa na hati nzuri, mwanangu. Za kakako hazisomeki."

Wakacheka, wao wawili. Mimi nilibaki nimesimama, na sikuona kwamba kicheko kile kilinihusu.

Nilipoaga, Bi Khole alisema habari imeshatoka, basi itoke nzima, na niiandike mwenyewe kwenye jarida hili la matbaa. Neno la msamaha hakulitamka, na sikustahili kulidai.

Bi Khole, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante kwa kila ukurasa uliotunyooshea. Tunakuombea afya, utulivu na miaka mingi ya furaha pamoja na watoto na wajukuu. Na wewe Kawthar, uliyemsikia mama yako akichekwa mbele ya watu: alistahili watu wa ukumbi mzima wamsimamie kwa heshima, na mimi ndiye niliyewakalisha.

Zahor bin Hamood
Kitengo cha Maandishi